Ubao wa vidole mlangoni bila kutoboa ukuta

Swali: "Napanga nyumba Kirumba, Mwanza. Wikiendi tunapanda majabali ya kando ya ziwa, na kila mara vidole vyangu huachia kabla mikono haijachoka. Nataka kutengeneza ubao wa mazoezi wa kukaa mlangoni, lakini mwenye nyumba hataki kuona tundu ukutani. Uwazi wa mlango una upana wa sm 80 na urefu wa sm 210, ukuta ni wa bloku za inchi 6, fremu ni ya mbao. Nina kilo 72. Nitumie mbao gani, niufungeje, na je, mdogo wangu wa miaka 14 anaweza kuutumia?"

Jibu:

Inawezekana, ndugu yangu, na mwenye nyumba hatakuwa na la kulalamikia. Ila kabla ya kufikiria aina ya mbao, amua kwanza uzito wako utapita wapi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Vifaa vingi vya mlangoni unavyoviona mtandaoni vimebuniwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani. Vinajishika kwa kulabu juu ya urembo wa mbao unaozunguka fremu. Kwa nyumba zetu, urembo huo mara nyingi ni ubao mwembamba uliopigwa misumari midogo juu ya plasta, au haupo kabisa. Ukiutundikia kilo 72 unang'oka na plasta yake. Aina ya pili ni lile bomba la kukaza katikati ya fremu, linalosukuma kulia na kushoto. Fremu ya mlango haikuwekwa ili isukumwe pembeni. Imeshikwa ukutani kwa misumari au vyuma vichache na saruji iliyojazwa pembeni, kwa hiyo baada ya muda unaanza kuona ufa kati ya fremu na plasta, mlango unagoma kufunga, na siku moja bomba linateleza ukiwa umelining'inia.

Suluhisho kwa mpangaji ni kuushusha uzito wote sakafuni. Tengeneza kitu kama goli dogo linaloingia ndani ya uwazi wa mlango: nguzo mbili, boriti juu, na mashikio kwenye boriti. Ukuta unabaki na kazi moja tu, kuzuia goli lisikuinamie. Kazi hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani. Vidole vyako vitakuwa mbele ya nguzo kwa kama sm 4. Kilo 72 mara sm 4, ukigawa kwa urefu wa takriban sm 170 hadi pale kizuizi kitakapokaa, unapata msukumo wa chini ya kilo 2. Hata ukiyumba na msukumo ukaongezeka mara kadhaa, ubao mmoja uliolala dhidi ya ukuta unatosha. Lakini ukiuacha ubao huo, goli zima litakuangukia, maana kilo 2 hizo hazina wa kuzizuia.

Sasa vipimo. Pima upana wa uwazi mahali pembamba kabisa, yaani kati ya kingo za fremu zinazozuia mlango, na upime juu, katikati na chini. Fremu nyingi hazilingani kwa mm 5 hadi 10, na goli litakwama pale palipo pembamba. Kama juu ya mlango kuna kidirisha cha hewa, urefu unaishia kwenye ule ubao wa kulala chini ya kidirisha. Hapa chini nimechukulia sm 80 kwa 210 kamili. Ukipata tofauti, punguza sm 1 kwenye upana na sm 1 kwenye urefu wa kile ulichopima.

Kwa fremu ya goli nunua mbao mbili za 2 kwa 4 za futi 12, kipande cha 2 kwa 6 cha futi 6, na ubao wa 1 kwa 4 wa futi 4. Paina inatosha kabisa hapa. Boriti fupi namna hii, ikisimama kwa ubavu, haitapinda kwa uzito wako wala wa watu wawili. Iwe paina ya Sao Hill au ya mashamba ya Kanda ya Ziwa kama Buhindi kule Sengerema na Rubya kule Ukerewe, kinachokuhusu ni ukavu na unyoofu. Inua ubao, uangalie kwa jicho moja kutoka kichwani hadi miguuni. Uliojikunja uache. Mbao mbichi ni nzito kuliko zenzake, ukizigonga zinatoa sauti iliyokufa, na skrubu ikiingia unaona unyevu ukitokeza. Zilaze ndani ya nyumba kwa wiki 2 au 3, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, usiziache kibarazani kunakopigwa na upepo wa ziwa. Ubao mbichi wa inchi 6 ukikauka baadaye unasinyaa kwa mm kadhaa, skrubu zinalegea na boriti inaanza kulia kila ukining'inia.

Kata nguzo mbili za 2 kwa 4, kila moja sm 209. Zitasimama upande mpana ukitazama fremu ya mlango, yaani sm 5 zinakula upana wa uwazi na sm 10 zinaelekea ndani ya unene wa ukuta. Juu ya kila nguzo, upande wa mbele, kata pengo lenye urefu wa sm 30 na kina cha sm 5. Nusu ya mbele inaondoka, nusu ya nyuma inabaki hadi juu. Hili pengo ndilo moyo wa kazi nzima. Boriti itakaa juu ya kikalio cha pengo, mbao juu ya mbao, na skrubu zitabaki na kazi ya kuishikilia isitoke mahali pake. Fundi akikuambia tubandike tu boriti mbele ya nguzo kwa skrubu nne, mkatalie. Hapo ungekuwa umening'inia kwenye skrubu.

Kikalio lazima kiwe bapa. Kikate kwa msumeno wenye meno madogo, kisha ukisawazishe kwa patasi huku ukikipima kwa skwea. Kama kimeinama hata mm 2, uzito wote utakaa kwenye kona moja na nguzo inaweza kupasuka kufuata nyuzi za mbao, kuanzia pembe ya ndani ya pengo kwenda chini. Ndiyo maana usichague ubao wenye fundo karibu na pale pengo linapoishia.

Boriti ni vipande viwili vya 2 kwa 6, kila kimoja sm 79, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ili vijaze sm 30. Mbao za sokoni huwa hazina kipimo kamili. Kama 2 kwa 6 yako ina sm 14.5 baada ya kupigwa randa, basi pengo liwe sm 29. Pima kwanza, kata baadaye. Mbele ya vipande hivyo viwili gundisha na ufunge kwa skrubu plaiwudi ya mm 18 yenye upana wa sm 79 na urefu wa boriti, ivishikanishe viwe kitu kimoja. Halafu kaza boriti kwenye nguzo, kila upande skrubu nne za inchi 4 namba 10, mbili kwa kila kipande.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana: skrubu nyeusi za jipsamu. Zinapatikana kila duka, ni za bei ndogo, zinaingia haraka. Lakini chuma chake ni kikavu, hakipindi, kinakatika ghafla kikisukumwa kwa pembeni. Tumia skrubu za mbao za rangi ya njano au ya zinki. Na kila skrubu itanguliwe na tundu la drili: mm 5 kwenye kipande cha mbele, mm 3 kwenye kipande cha nyuma. Bila hivyo, paina inaachana mwishoni mwa ubao, na mbao ngumu inaikata skrubu yenyewe.

Chini, unganisha nguzo kwa ubao wa sm 69 uliobaki kwenye 2 kwa 4, usawa wa sakafu, ili goli lisiyumbe ukilibeba. Chini ya kila nguzo gundisha kipande cha mpira wa tyubu ya gari, hasa kama una marumaru. Unainua urefu kwa mm 2 au 3 tu, na nafasi ya sm 1 uliyoiacha juu inatosha kuliinamisha goli na kulisimamisha ndani ya uwazi.

Kizuizi ni ule ubao wa 1 kwa 4, ukatwe sm 110. Unakaa nyuma ya nguzo, upande wa pili wa ukuta, ukivuka uwazi kwa kama sm 15 kila upande. Tafuta sm 40 kutoka juu, yaani chini kidogo ya boriti, utoboe nguzo na kizuizi kwa pamoja, upitishe boliti ya mm 10 yenye urefu wa inchi 6, pete za chuma (washa) pande zote, na nati ya masikio unayoweza kuifungua kwa mkono. Gundisha kitambaa kizito au kipande cha zulia pale kizuizi kinapogusa ukuta, rangi isichubuke. Goli lenyewe lisogee hadi migongo ya nguzo iwe sawa na uso wa ukuta wa upande huo, ili kizuizi kikae bapa. Wewe unaning'inia upande ambao mlango unafungukia. Ukigeuza, ubao wa mlango na bawaba zake zitakuwa zinapigana na kizuizi. Kama nyumba ina uwazi wenye pazia tu, kati ya sebule na korido, huo ni bora zaidi, kwa sababu hutalazimika kulitoa goli kila siku.

Tuje kwenye mashikio. Watu hupenda ubao uliojaa matundu ya kila namna, ya kidole kimoja, cha viwili, mviringo na mteremko. Kwa aliyeanza, kingo mbili zinatosha, na zinampa mazoezi kwa miaka. Ya juu iwe na kina cha sm 4, ya kupashia misuli moto na ya kuvutia mwili. Ya chini iwe na kina cha mm 20, ambacho ndicho kipimo wapanda miamba wengi duniani hupimia nguvu ya vidole. Ukitaka mm 15 baadaye, bandika kipande cha plaiwudi cha mm 5 juu ya ukingo huo, kikigusa boriti, na kina kitapungua chenyewe.

Kingo zote ziwe na urefu wa sm 60 na kimo cha sm 4.5. Hapa usitumie paina. Ni laini, inabonyea pale vidole vinapokaa, na ile yenye utomvu inanata. Mninga ndio chaguo langu. Umetulia, haujikunji ovyo, na ukisuguliwa unakuwa laini bila kuteleza. Mkongo nao unafaa ila unachosha msumeno. Mvule unafaa pia, ila vumbi lake linawasha pua na ngozi, jifunge barakoa. Mbao za kijani zilizotibiwa kwa dawa zisikaribie kabisa mahali pa vidole. Dawa hiyo si ya kushikwashikwa kwa mikono yenye jasho, na vumbi lake si la kuvutwa. Nenda karakana ya fanicha uombe mabaki. Vipande viwili vya sm 60 mara nyingi viko kwenye rundo la kona. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa ukingo, kulia kwenda kushoto. Zikielekea mbele, ukingo utamenyeka vipande vipande.

Pembe ya juu ya mbele, pale kidole kinapojikunja, iviringishwe. Chukua kitu chochote cha mviringo chenye kipenyo cha mm 16 hadi 20, uchore robo ya duara kwenye kichwa cha ukingo, kisha fuata mchoro huo kwa randa ndogo na msasa. Nusu kipenyo cha mm 8 hadi 10 kinatosha. Pembe kali inakata ngozi na kuubana mshipa wa kidole, halafu unaacha zoezi kwa maumivu ya ngozi kabla kano hazijafanya kazi. Ukiizidisha, ukingo wa mm 20 unabaki na chini ya mm 10 za bapa na unakuwa mteremko. Uso wa juu wa ukingo wa sm 4 uinamishe kidogo kuelekea boriti, kama mm 4 kutoka mbele hadi nyuma. Ule wa mm 20 uache bapa. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, basi. Ukiendelea hadi 400 mbao inang'aa na vidole vinateleza. Vanishi usipake, wala mafuta.

Uso wa juu wa ukingo wa kwanza ukae sm 8 chini ya ncha ya juu ya boriti, kwa sababu vidole na vifundo vinahitaji nafasi hiyo kabla ya kugonga fremu ya mlango. Ukingo wa pili ukae sm 11 chini ya wa kwanza. Funga kila ukingo kwa gundi ya mbao na skrubu tano, moja kila sm 13 hivi, ya kwanza na ya mwisho zikiwa sm 4 kutoka vichwani: inchi 4 kwa ukingo mnene, inchi 3 kwa mwembamba. Zipite katikati ya kimo na vichwa vizamishwe mm 5 ndani, visiguse ngozi. Angalia skrubu za ukingo zisiangukie kwenye mstari wa muungano wa vile vipande viwili vya boriti. Skrubu iliyoingia kwenye ufa haishiki chochote. Gundi iachwe saa 24, na wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi, ipe siku 2.

Usilijaribu goli kwa mwili wako kwanza. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushei. Funga kamba juu ya boriti katikati, uning'inize madumu matano, moja baada ya jingine. Hiyo ni zaidi ya kilo 100, karibu mara moja na nusu ya uzito wako. Subiri dakika 10 huku ukimulika kikalio cha pengo kwa tochi ya simu. Karatasi isiweze kupenya kati ya boriti na kikalio, na pasiwepo ufa unaoshuka kwenye nguzo. Kisha jaribu kila ukingo kwa mikono huku miguu ikiwa kwenye stuli, ukihamisha uzito polepole, na usikilize. Mlio mmoja mwanzoni ni mbao kukaa mahali pake. Mlio unaorudi kila unapobeba uzito ni skrubu au kikalio, na unapaswa kukitafuta kabla ya kuendelea. Baada ya mwezi mmoja kaza skrubu zote tena, na rudia kila majira ya mvua yanapobadilika.

Kwa urefu huu wa mlango, miguu yako itagusa sakafu ukinyoosha magoti. Hilo ni jema, kunja magoti tu. Na ukianza, weka mguu mmoja kwenye kiti mbele yako ili upunguze uzito. Nguvu ya misuli hupanda kwa wiki, kano na zile kanda ndogo zinazozibana kano kwenye mifupa ya vidole hukomaa kwa miezi. Pasha moto dakika 15, halafu ning'inia sekunde 10 kwenye mm 20, mabega yakiwa yamekazwa na viwiko vikilegea kidogo, pumzika dakika 3, mara 5 au 6. Mara mbili kwa wiki, isiwe siku moja kabla ya kupanda majabali, maana graniti ya Mwanza ina chembe kali na ngozi inahitaji kuwa nzima. Maumivu ya kuchoma chini ya kidole, karibu na kiganja, ni ishara ya kuacha siku hiyo hiyo. Kwa jasho tumia poda ya kaboneti ya magnesiamu, ile ya wapanda miamba. Chokaa ya kupakia ukuta inaunguza ngozi, isiguswe. Ukimaliza, sugua kingo kwa mswaki mkavu.

Kuruka kutoka ukingo hadi ukingo kwa mikono bila miguu, mazoezi aliyoyaanzisha Mjerumani Wolfgang Güllich mwaka 1988 kule Nuremberg, kusifanyike kwenye goli hili. Kunazidisha uzito ghafla, na goli limepigiwa hesabu ya mtu anayening'inia ametulia.

Mdogo wako asitumie ukingo wa mm 20, hata kama ni mwepesi na anauweza. Katika miaka 14 mifupa ya vidole bado ina sehemu laini za kukulia, na kuibebesha mzigo wa kukunja vidole mara kwa mara husababisha nyufa kwenye kifundo cha katikati, jeraha linalojulikana vizuri kwa wapanda miamba vijana. Aendelee kupanda majabali pamoja nanyi, avute mwili kwenye ukingo wa sm 4 kwa viganja vilivyofunguka, na akisema kifundo cha katikati kinauma au kimevimba, apumzike na apelekwe hospitali kupigwa picha. Ukingo mwembamba unaweza kumsubiri hadi amalize kurefuka.